Vumbi Lisiloshikana

Watu wakisikia naishi Buyenzi, mtaa wa mafundi, huniuliza kelele za gereji nazivumilia vipi. Kelele? Kelele haziingii kifuani mwa mtoto. Mimi nachukia vumbi. Nalichukia kama mtu, kama jirani mchongezi anayeingia bila hodi na kuketi kitandani kwako.

Lupango letu, kiwanja tunachoishi wote, lina geti moja. Upande mmoja wa uwanja ni nyumba ya mama mkwe wangu, ambamo sisi tunaishi vyumba viwili vya nyuma. Upande wa pili, chini ya mabati, ni gereji ya kunyoosha magari na kuyapaka rangi. Mume wangu ni fundi humo. Gari lililogongwa hunyooshwa, halafu hupakwa mastiki, ule udongo mzito kama ugali unaoziba mabonde ya bati. Mastiki ikikauka husuguliwa kwa msasa mpaka iwe laini kama shavu. Kinachotoka kwenye kusugua huko ni unga mweupe, laini kuliko unga wa muhogo. Ukiutazama kwenye mwanga wa dirisha utadhani haushuki kabisa. Unazunguka tu, kila punje na safari yake.

Binti yangu alikuwa na miaka minane, mtoto wangu wa pekee, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Mwaka huo kiangazi kilianza mapema. Mwezi wa sita haujafika katikati tulikuwa tumeshamkimbiza dispansari mara mbili. Muganga akampa pompi ya kuvuta dawa na kuniambia jambo moja: "Mama, ondoa vumbi." Alisema vile mtu anavyosema ondoa viatu mlangoni.

Tuliporudi mara ya pili, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi. Hakuinua macho.

"Mukazana wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, mke wa mwanangu, "sikiliza. Huyu mutoto akizidiwa tena hata mara moja, anaenda Gasenyi kwa shangazi yake. Kule iko hewa."

"Mama, atapona."

"Mi sijasema hatapona. Nimesema anaenda."

Shangazi huyo, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa mjane asiye na mtoto. Ana nyumba ya vigae sakafuni huko Gasenyi, pembezoni mwa mji, ana miti uani, ana moyo mzuri. Hilo la moyo mzuri ndilo lililonitisha zaidi. Mtoto hurudi haraka kutoka kwa mtu mbaya. Mi mwenyewe nilipelekwa kwa mama mkubwa nikiwa na miaka saba, eti kwa likizo. Nilirudi nikiwa na matiti. Siku hiyo mama yangu mzazi alinipa chai kwenye kikombe cha wageni. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa hajui tena kikombe changu ni kipi.

Kwa hiyo nilifagia. Asubuhi kabla ya shule, saa nne, mchana, jioni. Nilifagia chini ya vitanda, nyuma ya kabati, juu ya mbao za dirisha. Na nilifagia kavu, kwa sababu mama mkwe alikuwa na sheria: chumba anacholala mtoto wa kifua hakitiwi maji. Ubaridi hupanda kutoka sakafuni, huingia mgongoni, hukaa kwenye mapafu. Nje uwanjani tulinyunyiza maji kabla ya kufagia, kila msichana amefundishwa hivyo tangu mdogo. Ndani, apana. Nami niliitii sheria hiyo. Nani angekubali kuitwa aliyemuua mtoto kwa baridi?

Siku moja ya kufagia hivyo, ufagio ukagonga kopo chini ya kitanda cha binti yangu. Kopo la maziwa ya unga, limefunikwa vizuri. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na vumbi. Mabonge ya vumbi, yale ya kijivu yenye nywele na nyuzi za blanketi, yamepangwa kama mayai.

Nilimwita. Akaja na sare yake ya shule.

"Hii nini?"

"Ni dunia, mama. Bado ndogo."

Nilimpiga kofi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto anakosa hewa kwa sababu ya kitu, halafu anakifuga kitu hicho chini ya kitanda chake, nusu mita kutoka puani! Nikatoka na kopo, nikalimwaga mlangoni kwa hasira, na upepo ukayarudisha yale yaliyokuwa mepesi usoni mwangu. Yeye alisimama anashika shavu, analia bila sauti, kwa sababu alishajifunza kwamba kulia kwa sauti kunamfunga kifua.

"Nani kakufundisha ujinga huu?"

"Mwalimu. Yule mupya."

Kesho yake nikaenda shuleni kugombana. Mwalimu mupya alikuwa stajieri, kijana aliyeletwa miezi michache kujifunza kufundisha, shingo ndefu, shati limemzidi. Nilimkuta peke yake anafuta ubao. Sikumsalimia.

"We ndiye unafundisha watoto kuokota takataka?"

"Karibu, mama. Mutoto wako ni yupi?"

"Yule anayekohoa."

Akaweka kifutio chini polepole sana. Nadhani aliogopa kuamsha chaki. Akaniambia hakumwagiza mtoto yeyote kuweka vumbi. Alikuwa amewafundisha dunia ilivyoanza, na mtoto mmoja wa nyuma akauliza: vumbi linawezaje kuwa jiwe bila mtu kulikanyaga? Naye akawajibu waangalie chini ya vitanda vyao.

"Mtoto wa nyuma ndiye wangu?"

"Ndiye wako."

Nikajikuta nimekaa kwenye dawati, magoti juu. Nilisoma mpaka sekondari, sikumaliza kwa heshima lakini nilimaliza, na hili sikuwahi kuambiwa. Nikamwambia: haya, nifundishe na mimi, nione kama mwanangu amepigwa bure.

Akafundisha. Alisema jua letu lilipokuwa changa lilizungukwa na duara pana la gesi, na ndani ya gesi mlikuwa na vumbi, punje ndogo kama za moshi. Hakuna kitu kingine. Hakuna jiwe, hakuna mlima, hakuna mahali pa kusimama. Punje zilikuwa ndogo mno hata zikabebwa na gesi kama sisi tunavyobebwa na umati sokoni, mwendo mmoja, kugusana kidogo. Na kwa sababu ziligusana polepole, zilishikana. Bila gundi, bila kugandamizwa. Vitu vidogo sana vikikaribiana vya kutosha huvutana vyenyewe. Mbili zikawa nne, nne zikawa kibonge chepesi chenye matundu mengi, kama pamba.

"Na zikigongana kwa nguvu?"

"Zinaruka, mama. Kila moja inakwenda zake. Zikizidi nguvu, hata zile zilizokwisha kushikana zinavunjika, zinarudi kuwa unga."

Akachukua rula ya plastiki, akaisugua kwenye nywele zake, akaishusha juu ya chaki iliyomwagika. Chaki ikaruka na kuning'inia kwenye rula. Akasema punje zikisuguana hupata umeme mdogo kama huo, na huenda umeme huo uliyasaidia mabonge yalipofika ukubwa wa changarawe, kwa sababu hapo ndipo shida inapoanza: mabonge yanakuwa mazito, yanagongana na kudunda, hayashikani tena. Jinsi yalivyopita pale, hata wanaosoma mambo hayo wanabishana bado.

Hilo nililipenda. Nilipenda kusikia kwamba kuna watu wenye mashine kubwa ambao vumbi linawashinda.

"Na mbali na jua," akaongeza, kama mtu anayetoa chumvi baada ya chakula, "punje zilivaa barafu. Wengi wanadhani zenye barafu zilishikana vizuri zaidi."

"Na vumbi linaloingia kifua cha mwanangu? Lile lililoshikana au lisiloshikana?"

Akafikiri. Alikuwa mwaminifu, namshukuru kwa hilo. "Lisiloshikana, mama. Lililoshikana ni zito, linaanguka, unaliokota. Lile la peke yake ndilo linaloelea."

Nikasimama, nikakunja uso, nikamwambia asirudie kuwatuma watoto chini ya vitanda. Nikaondoka na hasira yangu, lakini ilikuwa imepungua uzito na mi sikupenda.

Sasa ningekuwa na akili ningeelewa siku hiyohiyo. Sikuelewa. Jumamosi asubuhi mume wangu, ambaye alikuwa ananiona nikifagia mpaka mikono imevimba, akaamua kunisaidia. Yeye si mtu wa maneno. Akaenda gereji, akarudi anavuta mpira wa kompresa, ile mashine ya upepo ambayo mafundi wote wa Buyenzi wanaitumia kusafishia kila kitu: injini, suruali, nywele zao wenyewe kabla ya kwenda kuswali.

"Toka kidogo," akaniambia. "Dakika mbili tu. Hakuna vumbi litabaki."

Nami nikatoka! Nikacheka hata. Nilimwona amefunga kitambaa usoni, anapuliza kona za chumba, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, na wingu linatoka mlangoni kama tunachoma kitu. Alipomaliza sakafu iling'aa. Ungeweza kulamba. Nikamsifu, naye akatabasamu, na binti yangu akaingia kuchukua kamba yake ya kuruka.

Alikaa humo labda kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini. Alipotoka alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, mabega juu, shingo imebonyea pale chini ya koo. Hakukohoa. Mwenye mtoto wa pumu anajua kwamba kukohoa ni neema.

Pompi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Midomo ikaanza rangi nyingine. Mume wangu akambeba, tukakimbia kwa miguu, maana dispansari si mbali na kungojea gari kungekuwa kuchelewa. Njiani nilimtukana mume wangu matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Alikuwa anamwambia mtoto, "Vuta, mama yangu, vuta," yeye mwenyewe anapumua kama anayezama.

Walimweka kwenye mashine ya mvuke wa dawa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, ndipo filimbi ikarudi kifuani, maana yake hewa imeanza kupita. Sikuwahi kufikiri ningefurahi kuisikia.

Tuliporudi mama mkwe alikuwa ameshapiga simu. "Shangazi yake anakuja Jumapili, si ya kesho, ile ingine," akasema, akimaanisha siku nane mbele. "Mi nilikwambia."

"Mama, ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya iko na jina, inaitwa gereji. Gereji haitahama. Mutoto atahama."

Alikuwa na haki. Niliingia chumbani, nikakaa kitandani, na mwanga wa jioni ulikuwa unaingia dirishani. Sakafu bado inang'aa. Na hewani, kuanzia magotini mwangu mpaka dari, punje. Saa nyingi zilikuwa zimepita tangu asubuhi na bado zilikuwa zinatembea, moja moja. Vibonge vyote alivyovipuliza mume wangu vilikuwa vimevunjika na kurudi kuwa unga.

Jumatatu niliamka nimeshiba hasira lakini sina pa kuipeleka. Nikaenda gereji kumpelekea mume wangu chai. Kulikuwa na gari la kupakwa rangi, limefunikwa vioo kwa magazeti. Fundi wa rangi, mzee mmoja mwenye kope nyeupe kwa rangi za miaka, alikuwa ameshika ndoo. Akamwaga maji sakafuni, taratibu, kuzunguka gari lote. Akachovya matambara, akayatundika kwenye mbao za pembeni. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu nilipoolewa.

"Mzee, maji ni ya nini?"

"We binti! Umekaa humu miaka yote hujui? Vumbi lisiamke. Likipata maji linashikana, linalala. Likiamka litakaa kwenye rangi, na gari itakuwa na chunusi."

Niliweka chai chini. Nakumbuka niliiweka chini vizuri, sikuimwaga, halafu nikaanza kupiga kelele.

"Kwa hiyo gari mnalimwagia maji! Bati! Bati lisipate chunusi! Na mwanangu mnampulizia kompresa!"

Mafundi wakaacha nyundo. Mmoja akasema, "Mama amepandwa na hasira leo," mwingine akamwambia anyamaze. Patroni, mwenye gereji, akatoka na simu sikioni. Nikawaambia wote: kuanzia leo, mastiki isuguliwe kwa maji. Patroni akacheka.

"Mama, mastiki haipendi maji. Inakunywa. Bati linaota kutu chini ya rangi, mwenye gari anarudi kunitafuta."

"Na mimi nikirudi kukutafuta?"

Hapo mume wangu, ambaye nilisema si mtu wa maneno, akafuta mikono na kuongea. Alisema mastiki itasuguliwa kavu, sawa, lakini sakafu ikiwa imeloweshwa kwanza, na matambara mabichi yamezungushwa, na kompresa isiguse vumbi la msasa, lifagiwe likiwa na maji. Na kazi hiyo ifanyike mtoto akiwa shule. "Ile tunafanyia rangi, tufanyie na msasa," akasema. "Haiongezi kitu. Ni maji tu." Halafu, kwa sauti ya chini: "Mi ndiye nilimpulizia, patroni." Patroni akamtazama, akanitazama mimi, akarudisha simu sikioni. Hiyo ndiyo "ndiyo" ya matajiri.

Ikabaki chumba. Ikabaki sheria ya mama mkwe.

Nilichukua ndoo na tambara mbele ya macho yake, sikujificha. Nikapiga deki sakafu yote. Nikatundika shuka bichi dirishani. Yeye akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa, hakuwa anatawala.

"Unataka kumuua na ubaridi."

"Mama, vumbi kavu ndilo linapaa. Likiloa linashikana."

"Nani alikwambia?"

"Mwalimu. Dunia yote ilianza hivyo, vumbi lilishikana."

"Hiyo si habari. Hata baba yetu Adamu alikuwa udongo. Lakini udongo wa Adamu haukulala kwenye chumba cha maji!"

Nitasema ukweli: sikuwa na uhakika. Mtu akikupigia kelele kwamba unamuua mwanao, sehemu yako moja inamsadiki. Nilingoja sakafu ikauke kabisa kabla ya kumlaza, niligusa kuta kwa kiganja, nikanusa godoro kama mbwa. Kila akikohoa nilijiuliza kama ni vumbi la wiki iliyopita au ni maji yangu ya leo. Siku ya tatu alikohoa tangu alfajiri mpaka anaenda shule, na mama mkwe alikaa barazani, akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye mfuko. Nikaendelea kupiga deki. Tambara lilikuwa linatoka na tope jeupe, mabonge yanayonata vidoleni, na kila bonge nililitazama nikasema: hili halikuingia. Hili halikuingia.

Binti yangu alinitazama siku hiyo akitoka shule, mimi nimepiga magoti. Alikuwa hajanisemesha vizuri tangu lile kofi.

"Mama, unafanya kama barafu."

"Barafu gani?"

"Ya mbali na jua. Inayosaidia kushika."

Nikamwambia samahani. Alishangaa, maana kwetu mzazi haombi mtoto samahani, akaona aibu kwa ajili yangu na kukimbilia nje.

Jumapili shangazi akaja, gereji imefungwa, kuko kimya. Amevaa vizuri, ameleta biskuti. Mfuko wa nguo ulikuwa mlangoni. Mume wangu aliketi anatazama miguu yake. Nilikuwa nimeamua kwamba nitalala mbele ya geti kama itabidi, halafu nikaamua kwamba hapana, nitampeleka mwenyewe na kukaa naye huko, halafu nikaona kwamba sijui nitafanya nini.

"Njoo hapa," mama mkwe akamwambia mtoto. Akamgeuza, akampandisha blauzi, akaweka sikio mgongoni. Kulia. Kushoto. Chini ya bega. "Vuta. Toa. Vuta tena." Shangazi akaacha kufungua biskuti.

Mama mkwe alisikiliza muda mrefu kuliko muganga yeyote.

"Iko kidogo," akasema hatimaye. "Upande huu. Lakini wiki iliyopita nilikuwa naisikia toka chumbani kwangu." Akamshusha blauzi. "Abaki mpaka shule ifungwe. Tutaona."

"Mama," shangazi akasema taratibu, "mi nimeshamtandikia kitanda."

"Kitanda hakiozi."

Nilitaka kumshukuru, akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo. "We mukazana, usicheke. Akipata ubaridi hata wa pua, ni wewe nitakupeleka Gasenyi. Peke yako."

Shangazi alicheka, ila macho yake hayakucheka, na nilimwonea huruma huku namwogopa. Alikunywa chai, akamkumbatia mtoto kwa muda mrefu, akatoka. Shule ilikuwa inafungwa baada ya wiki mbili na nusu, na mvua zilikuwa mbali kuliko hapo. Nje upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuinua barabara nyekundu na kuileta kwetu. Nikachukua ndoo.